Maneno manne

Tangu Jumatatu sijalala vizuri, na sababu ni maneno manne niliyoyasema nikiwa nimeinamia boneti: "Injini siyo ya humu."

Mnaonisoma siku zote mnajua kuwa bosi hunipa mimi magari ya zamani, kwa vile nina subira nayo. Safari hii ni Chevrolet Camaro ya 1969, ya buluu, imetunzwa kama mboni ya jicho. Mwenye gari ni mama mjane, umri wake umepita sabini. Mumewe alilinunua jipya, na amefariki Novemba iliyopita. Sasa anataka kuliuza, na mnunuzi hatoi senti mpaka fundi athibitishe kuwa bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa wapenzi wa magari haya, jibu la swali hilo ni maelfu ya dola.

Gari lenyewe ni la hapa hapa. Namba ya chasisi, ile inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva, ina herufi N, yaani kiwanda cha Norwood. Kiwanda hicho kilikuwa dakika chache tu kutoka gereji yetu hapa Cincinnati, Marekani, mpaka kilipofungwa 1987. Kibati kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini kimeandikwa 04C, wiki ya tatu ya Aprili. Nikaingiza kioo cha mkononi na tochi nyuma ya bloku, pale inapokutana na giaboksi, nikasoma tarehe iliyoachwa kwenye chuma siku kilipomiminwa: A 22 0. A ni Januari. Sifuri ni 1970. Gari la Aprili 1969 haliwezi kuzaliwa na bloku ya Januari 1970.

Ndipo nikasema. Mama alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama." (Neno la heshima la Wamarekani kwa mwanamke, "ma'am", liko jirani sana na letu, kwa hiyo mimi husema "mama" tu, naye huitikia.)

"Alikuwa akiniambia injini hii haijawahi kutoka humu. Aliwaambia watu wote. Miaka hamsini."

Nikanyamaza.

"Basi alinidanganya."

Nami nikafuta mikono kwa kitambaa, nikamwambia, "Injini yenyewe ni nzima, mama, haina tatizo lolote."

Hapo ndipo ninaporudi kila saa. Kwa nini nilimwambia habari za uzima wa injini? Nani aliniuliza? Nimeirudia kwenye basi, nimeirudia bafuni, nimeirudia Jumanne usiku nyumba ikiwa imejaa watu wanampongeza Mama Nuru kwa kufaulu mtihani wake wa uuguzi. Naiona ile mikono kwenye mkoba. Nasikia "basi" yake, jinsi ilivyotoka polepole.

Nadhani ni malezi ya kazi. Mimi nimejifunza ufundi Tanga, kwenye gereji ya marehemu Mjomba Hamisi, na pale gari kubadilishwa injini ilikuwa habari njema. Mwenye gari alikuja na soda. Lililokuwa na uzito ni kadi ya gari tu, namba ya injini isije ikatofautiana na kadi ukasumbuliwa barabarani. Hakuna aliyepimwa ukweli wake kwa bloku. Kwa hiyo midomo yangu iliyasema yale maneno kama mtu anayesema tairi limeisha upepo, kumbe mwenzangu anasikia habari za mumewe, kaburi lake bado bichi.

Na kuna kosa jingine, la kifundi, ambalo linaniuma zaidi. Nilisema kabla sijamaliza kuangalia.

Kwenye Chevrolet hizi, mbele ya injini upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, kuna kijukwaa cha chuma kilicholainishwa. Hapo ndipo kiwanda kiligonga herufi na namba: injini imeungwa wapi, mwezi na siku gani, ni ya aina gani, na chini yake kipande cha namba ya chasisi. Kwa gari hili tungetarajia 19N (9 ni mwaka 1969, N ni Norwood) na tarakimu sita zinazolingana na zile za kiooni. Mwaka 1969 altaneta, mashine inayochaji betri, ilihamishiwa upande huo huo, na bano lake hukifunika kijukwaa. Jumatatu nilikiona kimejaa grisi na rangi ya chungwa, nikajisemea tarehe ya nyuma inatosha.

Alhamisi nilichelewa kutoka makusudi. Nikafungua altaneta, nikasafisha kwa kitambaa na dawa tu, maana brashi ya waya ingeweza kuharibu ushahidi. Ile mistari myembamba ya mashine ya kiwandani ilikuwepo bado, inakwenda kutoka mbele kuelekea nyuma, haijaguswa. Angekuwepo tapeli aliyesaga na kugonga upya, mistari ile ingekuwa imepotea. Na namba ya chasisi haikuwepo. Kulikuwa na herufi mbili, CE, zikifuatiwa na sifuri na tarakimu nyingine.

Nilikaa chini kwenye ndoo. CE ni bloku ambayo Chevrolet wenyewe walitoa kubadilisha iliyokufa ndani ya dhamana, na ile sifuri ni 1970. Mama alishaniambia, siku ya kwanza tukijaza fomu, kuwa mumewe alichukuliwa jeshini Septemba 1969 na kurudi kutoka Vietnam 1971, na gari alimwachia mdogo wake.

Nilitoka nje kumpigia, baridi siisikii. Nikamweleza taratibu, herufi kwa herufi, kwamba injini ilibadilishwa yeye hayupo, na inawezekana kabisa hakuambiwa. Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika.

"Mwanangu, wamekuwa wakiliosha pamoja gari hilo kila Jumapili," akasema. "Yeye na mdogo wake." Kisha akaniomba nirudishe altaneta mahali pake, nisiweke tangazo lolote, atanipigia mwezi ujao.

Leo nimelala mchana kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hii. Nilipoamka nikampigia Bibi Pangani kumweleza habari za Mama Nuru, simu ikaita mpaka ikakata. Jana pia hakupokea. Jirani anasema mlango umefungwa kwa nje, lakini kuku wake wako uani na hawajapewa maji.