Saa mbili kamili: uchungaji wangu baada ya kupandikizwa figo

Siku niliyorudi nyumbani Igombe, Mwanza, kutoka Dodoma, uwanja wetu ulikuwa umejaa watu. Kwaya imevaa sare, akina mama wamepika, wazee wa kanisa wamekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Nilikuwa sijaonana nao kwa miezi minne. Nikapita katikati yao nimevaa barakoa, mikono nimeikunja kifuani, nikaingia ndani moja kwa moja. Kisha nikafungua dirisha la sebuleni na kuwasalimu kupitia nondo.

Kwetu Usukumani salamu ni mkono. Bibi mmoja niliyemzika mumewe na kuwafungisha ndoa wanawe wawili alisimama pale nje na mkono wake umenyooshwa, akisubiri. Niliweka kiganja changu kifuani kwangu, nikainamisha kichwa. Aliurudisha mkono wake taratibu na kuufuta kwenye kanga, kama mtu aliyedhani ni mchafu. Picha hiyo ilinikaa moyoni wiki nzima.

Figo zangu ziliharibiwa na presha niliyoipuuza kwa miaka mingi. Nilikuwa nasema nimechoka tu na kazi ya Bwana. Kwa mwaka mmoja na nusu nilipanda kilima cha Hospitali ya Bugando mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, muda wa saa nne kila nikikaa kwenye mashine. Wanaosafishwa damu wananielewa nikisema kiu. Nyumba yetu iko karibu na ziwa kiasi kwamba usiku unasikia mawimbi, na mimi nilikuwa napimiwa maji kwa kikombe cha chai, vikombe viwili kutwa, kwa sababu maji yasiyotoka mwilini huishia kwenye mapafu.

Pale kwenye mashine ndipo nilipojifunza uchungaji nisioujua. Huwezi kuinuka, huwezi kupaza sauti, mkono mmoja umefungwa mirija. Jirani yangu wa kushoto alikuwa mwalimu Mwislamu kutoka Sengerema. Yeye alisoma dua zake, mimi nikasoma zaburi zangu, na baadaye tukawa tunaulizana habari za watoto. Kiti cha mtu kikiwa kitupu siku yake ya zamu, hatukuulizana. Tulinyamaza tu, na kila mmoja alijua mwenzake anaomba.

Mdogo wangu wa kike anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku daktari aliposema kwamba natakiwa kutafuta ndugu wa damu wa kunipa figo, mimi nilianza kuzunguka na maneno. Yeye akanikatisha: "Kaka, mimi ninazo mbili, wewe huna hata moja inayofanya kazi. Tunasubiri nini?" Vipimo vikakubali. Tulikwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako huduma hii ilianza 2018. Zamani wengi walipelekwa India. Za gharama sitazisema sana, ila kanisa lilichanga, ndugu wakachanga, na ng'ombe wa baba waliuzwa.

Watu wengi huniuliza figo mpya ilikaa wapi. Iko chini ya kitovu, upande wa kulia, nikigusa naisikia. Zile za zamani ziliachwa mahali pake. Nilipozinduka, muuguzi aliinua mfuko wa mkojo nikauona unajaa. Nilikuwa nimekaa miezi sijakojoa hata nusu kikombe. Kisha akaniletea glasi ya maji na kusema kunywa yote, halafu uombe nyingine. Nililia kama mtoto.

Sasa niseme lililo gumu. Kinga ya mwili inaiona figo ya mtu mwingine kama adui aliyeingia, hata kama huyo mtu ni dada yako wa tumbo moja. Kwa hiyo unameza dawa za kuishusha kinga hiyo, takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, na zile mbili za kwanza kila baada ya saa kumi na mbili, maisha yako yote. Kinga ikishuka, mafua ya mwenzako yanaweza kukulaza wewe. Kifua kikuu, homa ya matumbo, hata kidonda kidogo, vyote vinakuwa vikubwa. Na kazi ya mchungaji ni nini kama si kuingia kwenye vyumba vya wagonjwa, kushika mikono, kukaa kwenye misiba iliyojaa?

Misiba ndiyo iliyoniuma zaidi. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alifariki mzee wa kanisa aliyenipokea nikiwa mwinjilisti kijana. Sikwenda. Nilihubiri kwa simu, shemasi akaishikilia kwenye kipaza sauti pale makaburini, na upepo wa ziwa ukawa unakata maneno. Baadaye nilisikia wengine wakisema mchungaji siku hizi anaogopa kufa kuliko waumini wake. Sikuwajibu. Jioni nilikwenda kukaa nje na mjane, viti viwili mbalimbali, na tukakaa hadi giza.

Kidogo kidogo tukapanga upya. Kuwawekea watu mikono nikawaachia wazee, mimi nikiomba kutoka madhabahuni. Kwenye meza ya Bwana, kikombe changu kikawekwa pembeni kimefunikwa. Mwezi wa kufunga na kuomba niliwaambia wazi kwamba mimi sifungi, figo hii inahitaji maji na dawa zina saa zake. Na kila jioni nikawa napiga simu kwa watu watano. Hapo nilikuta jambo nisilolitarajia: mtu ambaye nikimtembelea huniletea soda na kusema wote hatujambo, kwenye simu, usiku, watoto wamelala, husema ukweli. Miaka kumi na moja ya kubisha hodi sikuwa nimesikia nusu ya niliyoyasikia mwaka ule.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuficha dawa. Saa yangu ya kumeza ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ibada ya kwanza inaanza saa moja, kwa hiyo saa mbili inanikuta katikati ya mahubiri. Niliona aibu. Nikawa nazima kengele ya simu, namaliza ibada, nasalimia, halafu najificha ofisini kumeza saa nne hivi. Usiku wa mkesha ikawa vilevile. Nilipokwenda kliniki (siku ya kupima kiwango cha dawa humezi kwanza, unatolewa damu ndipo unameza), daktari aliigeuza karatasi ya majibu kunielekea na kuweka kidole kwenye kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo ikilemewa. Ilikuwa imepanda. Akaniuliza taratibu, "Baba mchungaji, unameza saa ngapi Jumapili?"

Jumapili iliyofuata kengele ilipolia niliiacha ilie. Nikasimamisha mahubiri, nikatoa kikopo mfukoni, mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniletea maji, nikameza mbele ya watu wote, nikaendelea na mstari niliouachia. Wiki hiyohiyo kijana mmoja alikuja nyumbani baada ya saa tatu usiku. Naye alikuwa na dawa zake za kila siku, ambazo hata mkewe alikuwa hajui. Hakuja kuombewa. Alitaka kujua nawezaje kumeza mbele za watu.

Kuna mtumishi mmoja aliyepita kanisani kwetu kwa semina, jina lake naliacha. Alinikuta nyumbani, akaniambia vile vikopo ni ushahidi kwamba siamini. Niviweke madhabahuni, nitangaze uponyaji, nisiviguse tena. Alisema kwa upendo, naamini hivyo. Lakini nilitetemeka, kwa maana nimekaa kwenye mashine na watu walioambiwa maneno kama hayo. Nilimjibu hivi: "Mtumishi, figo hii si yangu, ni ya mdogo wangu. Alipasuliwa ubavu akaitoa. Nikiacha dawa, ninachotupa ni mwili wake." Alinyamaza. Mama watoto akaleta chai, tukanywa, akaaga.

Baada ya siku ile nilirudi kwenye barua ya pili kwa Timotheo, mwishoni kabisa, pale tunapopita haraka kwa sababu ni majina matupu. Paulo anasema Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha mwenzake wa huduma kitandani na kuendelea na safari, wala hamlaumu Trofimo kwa imani haba. Nimehubiri miaka mingi nisiuone mstari huo. Sasa nausoma kwa wagonjwa kwenye simu mara kwa mara.

Ubatizo wetu ni wa maji mengi, ziwani. Daktari alinikataza kuingia: konokono wa kichocho wako ufukweni pale pale tunapobatizia, na mwili wangu hauna ulinzi wa kutosha. Kwa hiyo ubatizo wa juzi nilisimama juu ya mwamba, kofia kichwani maana dawa hizi hupunguza kinga ya ngozi mbele ya jua, nikauliza maswali ya imani kwa sauti, na mchungaji mwenzangu wa usharika wa jirani akawa ndiye aliye ndani ya maji. Wa tatu kwenye mstari alikuwa mtoto wa kwanza wa mdogo wangu, ana miaka kumi na minne. Alikuwa ameshakunja mikono kifuani, tayari kulazwa, kengele ikalia. Mdogo wangu alipanda mwamba bila viatu na chupa ya maji, akanifungulia kizibo. Kwaya ikanyamaza. Kijana na mchungaji wakabaki wamesimama ziwani, maji kiunoni, wakinitazama, mpaka nilipomeza.