Nilivyochagua besi za peruniti kwa transfoma ya kiwanda cha unga Nakuru

Ushauri mbaya unaudhi zaidi ukitoka kwa mtu unayemheshimu. Kiwanda kimoja cha unga hapa Nakuru kilikuwa kinawekewa transfoma mpya ya 1000 kVA, 33/0.433 kV (inashusha volti 33,000 hadi 433), impidansi, yaani ukinzani wake kwa mkondo, 5%, nami nikapewa kazi ya kukadiria mkondo wa shoti kwenye bodi kuu ili breka kuu inunuliwe. Hesabu hii hupigwa kwa peruniti: kila kipimo kinaandikwa kama sehemu ya kiasi unachokichagua mwenyewe, na kiasi hicho ndicho besi. Kiwango cha shoti kwenye laini ya 33 kV tulipewa kuwa ni 250 MVA.

Mzee mmoja wa fani hii akaniambia, "Kijana, usijisumbue. Weka besi ya MVA 100, volteji weka ya fezi. Sisi tumefanya hivyo miaka yote." Nikamshukuru Mzee, kisha nikaipiga hesabu yake kwa kalamu kabla ya kumwambia mwenye kiwanda lolote.

MVA 100 haina neno. Shida iko kwenye ile fezi. MVA ya bamba la transfoma ni ya fezi tatu kwa pamoja, kwa hiyo mwenzake ni volteji ya laini kwa laini. Ukitaka volteji ya fezi, chukua MVA ya fezi moja. Ukichanganya, 433 V inakuwa 250 V ndani ya fomula yenye √3, mkondo wa besi unavimba mara 1.73, na shoti inaruka hadi karibu kA 43. Breka ya kuhimili hiyo ilikuwa ghali kupita kiasi, pesa ya watu ingeenda bure.

Mimi nilichagua MVA 1, sawa na transfoma yenyewe, ili ile 5% ibaki 0.05 bila kuguswa. Upande wa laini nikachagua 33 kV, nikaishia hapo. Besi ni mbili tu unazochagua. Volteji ya upande wa pili hupangwa na uwiano wa transfoma, yaani 433 V, wala si 415 V tunayoizoea midomoni. Impidansi ya laini ikawa 1/250 (MVA ya besi kwa MVA ya shoti ya laini), yaani 0.004. Jumla 0.054, nikichukulia zote ni riaktansi, yaani ukinzani wa koili kwa mkondo wa AC. Mkondo wa besi upande wa 433 V ni A 1,333. Gawanya: kA 24.7.

Sasa angalia hiyo 415. Ukiiweka kama besi na kuiacha 0.05 ilivyo, unapata kA 25.8. Breka ya kA 25 ilikuwa kwenye orodha ya bei, na namba moja inasema inatosha, nyingine inasema haitoshi! Ndipo nikafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: nikaanza upya kwa besi ya 415 V, lakini kwa haki. Impidansi zote nikazizidisha kwa (433/415)², nikapata 0.0588. Volteji kabla ya shoti nayo si 1 tena, ni 1.043. Gawanya 1.043 kwa 0.0588, kisha zidisha kwa mkondo wa besi wa A 1,391: kA 24.7 ileile. Nikarudia kwa MVA 100 ya Mzee, safari hii kwa volteji ya laini: A 133,340 gawanya kwa 5.4, kA 24.7 tena. Ampea za kweli hazijui umechagua besi gani. Zikibadilika, kuna mahali umevunja uwiano. Tulinunua ya kA 36, kwa sababu kA 25 ilikuwa imebana mno.

Jenereta ya akiba ndiyo iliyohitaji uangalifu zaidi. Bamba lake lilisema 500 kVA, 415 V, riaktansi ya mwanzo 15%. Kuileta kwenye besi yangu: 0.15 × (1/0.5) × (415/433)², takriban 0.276. Wengi husahau hicho kipande cha mwisho. Volteji yake kabla ya shoti ni 0.958, hivyo papo la kwanza inatoa karibu kA 4.6 tu, kisha inashuka haraka. Breka ya upande wa jenereta nikaiseti ianze kukata papo hapo kwenye mkondo mdogo kuliko huo, maana seti iliyofaa transfoma isingeiona shoti ya jenereta kabisa.