Joyita: boti isiyozama iliyokutwa haina mtu

Bahari ikimeza watu, mizimu husingiziwa kwanza. Kwa Joyita, iliyokutwa ikielea bila mtu kaskazini mwa Fiji tarehe 10 Novemba 1955, walisingiziwa hata wavuvi wa Kijapani na nyambizi ya Warusi. Mimi ningeanza na bomba la inchi 1.

Joyita ilikuwa boti ya mbao ya futi 69, iliyoundwa Los Angeles mwaka 1931 kwa ajili ya starehe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafungwa majokofu ya kubebea samaki, na sehemu ya mizigo ikapigwa koki, ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa. Kwa hiyo hata ikijaa maji hadi sitahani, haizami.

Alfajiri ya 3 Oktoba iliondoka Apia, Samoa, kwenda visiwa vya Tokelau, maili 270 hivi. Ilichukua watu 25, wawili kati yao watoto, pamoja na dawa, mbao, vyakula na mapipa matupu ya mafuta. Klachi ya injini ya kushoto ilikuwa mbovu, wakaondoka kwa injini moja. Hilo peke yake lilitosha kumzuia nahodha mwangalifu, kwa sababu injini hiyo ikizimika chombo hukosa mwendo, na mawimbi hukigeuza ubavu.

Wachunguzi walikuta bomba la maji ya kupozea injini limeliwa na kutu na kupasuka. Ubaya wa mahali pale ni kwamba maji huingia chini ya mbao za sakafu ya chumba cha injini. Mtu huyaona yakishapanda juu ya sakafu, naye hawezi tena kujua yanatokea wapi. Pampu za kutoa maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ya chombo, nazo hazikuwa na chujio mdomoni. Takataka zikivutwa, pampu huziba. Husikika ikinguruma tu, haitoi kitu.

Mabaharia hawakukaa bure. Pampu ya ziada ilikutwa imewekwa juu ya ubao kati ya injini mbili, lakini haijaunganishwa. Injini ya kulia ilikuwa imefunikwa magodoro. Redio ilikuwa kwenye kilohezi 2182, masafa ya kuombea msaada, ila waya wake ulikuwa umekatika na rangi ikapakwa juu, hivyo aliyetazama aliona uzima. Redio hiyo ilifika maili 2 tu. Saa za umeme zilisimama saa 4 na dakika 25, na swichi za taa zilikuwa zimewashwa. Ilikuwa usiku.

Fumbo halisi ni kwa nini waliondoka. Maboya ya kuokolea na mtumbwi havikuwepo, wala kitabu cha safari. Nahodha, Thomas Miller, aliijua koki ile vizuri, na asingekubali kuiacha boti. Lakini kwenye sitaha zilikutwa bandeji zenye damu. Dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba aliumia au alikufa, na waliobaki, gizani, boti imelala ubavu, wakaamini inazama. Tume iliyokaa Apia mwaka 1956 ililaumu hali ya boti, ila kuhusu watu ikasema hakuna maelezo. Ndege za New Zealand zilikuwa zimepekua karibu maili za mraba 100,000 bila kuona kitu.

Joyita ilitengenezwa, ikauzwa, ikarudi kazini. Mwaka 1959 ilikwama kwenye mwamba huko Fiji. Bahari ilipojaa ikaelea, ikaanza kuvuja, pampu zikawashwa. Vali za pampu zilikuwa zimewekwa kinyume, zikawa zinaingiza maji ndani.