Mafuta ya mimea na kidonda: lini upake, lini uache

Mafuta hayasafishi kidonda. Mchubuko mdogo uoshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni laini, kisha ufunike. Ngozi ikishafunga ndipo upake: matone mawili matatu, asubuhi na jioni, ngozi mpya isikauke na kuwasha. Mimi huchagua alizeti ya kawaida kuliko zeituni. Alizeti ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo huimarisha ngozi. Zeituni imejaa asidi ya oleiki, inayoweza kuidhoofisha. Mafuta makali ya kunukia yasiyozimuliwa, hata yakisifiwa vipi, yanaweza kuunguza ngozi.

Umeungua moto? Maji ya bomba yaliyopoa, dakika 20. Mafuta hapana. Kidonda chenye kina, chenye usaha, au cha mwenye kisukari: kituo cha afya.