Rangi ya makohozi haitoshi

Makohozi yakigeuka ya kijani, wengi hukimbilia antibiotiki, dawa zinazoua bakteria lakini si virusi. Naona rangi hiyo inaaminiwa kupita kiasi. Hutoka kwenye chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe, ambazo zina kimeng'enya cha kijani. Zinapigana na virusi, zinapigana na bakteria, na rangi ni ile ile.

Mimi hutazama siku na pumzi.

Mafua ya kawaida huwa makali zaidi siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua, ingawa kikohozi chaweza kuburuta hadi wiki 3. Kinachonishtua ni mtu aliyekwisha kupata nafuu, halafu siku ya 5 au 6 homa inarudi na uso unauma. Hapo huenda bakteria wameingia kwenye matundu ya mifupa ya uso. Vivyo hivyo kamasi nzito zilizopita siku 10 bila nafuu yoyote.

Koo nalo: homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za mbele ya shingo zinazouma, na hakuna kikohozi. Huyo apimwe koo kwanza, kwa kijiti cha pamba. Akiwa anakohoa na kamasi zinamtiririka, yaelekea ni virusi.

Kwa mtoto, pumzi ndiyo kila kitu. Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika 1 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa pumzi 4, na hizo zinatosha kugeuza uamuzi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40. Mtoto anayekohoa na kufikia idadi hiyo aonwe siku hiyo hiyo, huenda ni nimonia. Wa chini ya miezi 2 apelekwe hospitali moja kwa moja. Vilevile yeyote ambaye kifua chake kinabonyea ndani kwa chini anapovuta hewa, anayeshindwa kunywa, aliyelegea au aliyepata degedege. Usiku usiwe kisingizio.

Kikohozi kikitimiza wiki 2, hata kama kinafanana na mabaki ya mafua, makohozi yapimwe TB pale ugonjwa huo ulipo kwa wingi. Naumia kuona mtu akibadilishiwa antibiotiki moja hadi nyingine bila kipimo hicho, kwa kuwa baadhi, kama levofloksasini, huituliza TB kwa muda na kuchelewesha kugundulika kwake.