Usiseme Ni Uzee

Siku ya dripu ndiyo siku nyepesi. Mama anakaa kwenye kiti, anawekewa sindano mshipani, dawa inapita kwa nusu saa, kisha chai na safari ya kurudi nyumbani. Nywele hazinyonyoki na kutapika ni nadra. Hapo ndipo familia hulegea, kwa kuwa kila mtu alijiandaa kwa kemotherapi na tiba hii ya saratani, inayotumia kinga ya mwili yenyewe, haifanani nayo. Kazi ya mwenye kuuguza inaanza baada ya hapo, na sehemu kubwa yake ni kuhesabu na kuuliza.

Dawa zake, pembrolizumabu na nivolumabu, haziui seli za saratani zenyewe. Zinaachia breki ambayo melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, huikanyaga ili kinga ya mwili isiiguse. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba kinga ikishafunguliwa haiishii kwenye saratani. Inaweza kugeukia utumbo, ini, mapafu, ngozi, viungo, tezi za homoni, na mara chache moyo. Kinachopatikana hapo ni mwako usiotokana na vijidudu, ndiyo maana hutulizwa kwa steroidi, dawa za kupoza kinga, na si kwa antibiotiki.

Kwa mzee, kila dalili tayari ina mwenyewe. Akichoka, ni uzee. Akihara, ni amiba. Akikohoa ni vumbi, magoti yakiuma ni baridi yabisi, akiona kizunguzungu ni presha. Duka la dawa lipo jirani, na ndani ya dakika kumi Flagyl imeshanunuliwa. Kumbe utumbo mpana unawaka, na kila siku inayopita bila daktari wa saratani kujua inausogeza karibu na kutoboka.

Mzee naye hasaidii. Ukimuuliza hali atajibu "sijambo, namshukuru Mungu" hata kama usiku kucha alikuwa chooni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na hataki kuwasumbua watoto. Swali la kumuuliza ni lile linalodai idadi: "Mama, tangu alfajiri umekwenda choo mara ngapi? Kilikuwa maji au kizito?" Kama baba anaona haya kumwambia binti yake, mpeni kazi hiyo mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, na katika utani huo husemwa mambo ambayo mkwe au binti hatayasikia kamwe.

Daftari lifunguliwe kabla ya dozi ya kwanza, maana bila hali ya kawaida hakuna cha kulinganisha. Andika choo chake cha kawaida kwa siku, uzito, presha, mapigo ya moyo, oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole, na anafika wapi kwa miguu bila kupumzika. Bandika humo nakala za vipimo vya mwanzo: damu kamili, ini, figo, sukari, homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), kotisoli ya asubuhi (homoni inayosaidia mwili kuhimili mkazo), ECG ya umeme wa moyo, virusi vya homa ya ini B na VVU. Vipimo vya damu hurudiwa kabla ya kila dozi. Wanaotoka mbali wafanye hivyo siku mbili tatu kabla, kwenye maabara ya karibu inayokubalika na hospitali, kwa sababu vimeng'enya vya ini vikiwa vimepanda dozi itaahirishwa na nauli imekwenda bure. Dozi za dawa hizi huahirishwa au husimamishwa. Hazipunguzwi ili kukwepa madhara.

Kuhara ndiko kunakohitaji sheria iliyoandikwa ukutani. Safari za choo zikizidi kawaida yake kwa nne au zaidi kwa siku, pigeni simu siku hiyohiyo. Zikizidi kwa saba au zaidi, au kukiwa na damu, au tumbo likiuma sana, ni hospitali usiku huohuo. Msimpe dawa ya kufunga choo kwanza, kwani inaficha idadi ambayo daktari anaihitaji. Kinyesi kipimwe, kwa sababu kweli inaweza kuwa amiba. Lakini kipimo kiende pamoja na ile simu, si badala yake.

Kikohozi kikavu kipya, au kuhema kwenye ngazi alizokuwa akizipanda vizuri, ni simu ya siku hiyohiyo hata kama oksijeni bado inaonekana nzuri. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, kope kulegea, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kumeza: hapo ni dharura. Kiu kali na kukojoa sana kunaweza kuwa kisukari kilichoanza ghafla, kinachohitaji insulini.

Uchovu ni mgumu zaidi kuusoma. Thairoidi mara nyingi huanza kwa kufanya kazi kupita kiasi, halafu inazimika, na mzee anabaki akihisi baridi, hapati choo, analala mchana kutwa. Ila kama pamoja na uchovu kuna kichwa kuuma, presha kushuka na kukosa hamu ya kula, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoamuru tezi nyingine, huenda imeguswa na kotisoli haitoshi. Zikikosekana kotisoli na homoni ya thairoidi pamoja, haidrokotisoni inayoziba pengo la kotisoli hutangulia, na thairoksini ya thairoidi hufuata. Kuanza kinyume kunaweza kumwangusha mgonjwa.

Steroidi zenyewe zinahitaji nidhamu. Mama wa kilo 50 akiandikiwa miligramu 1 kwa kilo, hiyo ni miligramu 50 za prednisoloni, yaani vidonge kumi vya miligramu 5. Avinywe asubuhi baada ya kula, kwani vya jioni humkosesha usingizi na wazee wengine huanza kuweweseka. Sukari ipimwe hata kama hajawahi kuwa na kisukari. Dozi hushushwa polepole kwa wiki nne hadi sita au zaidi, na hapa familia nyingi huharibu: tumbo limetulia, vidonge vinawekwa kabatini, wiki haiishi kuhara kumerudi kwa nguvu. Kwa watu wa ukanda wetu nina swali moja la kumuuliza daktari kabla ya kidonge cha kwanza: je, minyoo ya strongiloidi imepimwa au kutibiwa? Steroidi zinaweza kuifanya isambae mwili mzima. Kama matibabu yatakuwa marefu, muulizeni pia kuhusu kotrimoksazoli (Septrin) ya kukinga mapafu dhidi ya maambukizi. Na ile hofu kwamba steroidi zitaifuta tiba ya saratani isimfanye mtu akae na utumbo unaovuja damu. Wapo wengi waliosimamisha dawa kwa madhara na saratani ikaendelea kutulia.

Gharama nazo ni sehemu ya uuguzaji. Dozi ya kawaida ya pembrolizumabu ni miligramu 200 kila wiki tatu, yaani chupa mbili za miligramu 100, au 400 kila wiki sita, ambayo hupunguza safari. Ilipoidhinishwa kwa melanoma mwaka 2014 kipimo kilikuwa miligramu 2 kwa kilo. Mama yule wa kilo 50 angehitaji chupa moja. Si jambo la familia kuamua, ila ni swali halali kabisa mbele ya daktari. Mkinunua wenyewe, chupa isafiri kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande, isigusane na barafu, isitikiswe, na ikae gizani.

Kuhusu matarajio, niseme wazi. Umri peke yake si kikwazo. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alianza pembrolizumabu mwaka 2015 akiwa na miaka 90, pamoja na upasuaji na mionzi, na alifariki akiwa na miaka 100. Utafiti wa CheckMate 067 ulionyesha asilimia 43 ya wagonjwa wa melanoma waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu, dawa nyingine ya kuachia breki za kinga, wakiwa hai baada ya miaka kumi, lakini zaidi ya nusu ya waliopewa dawa hizo mbili walipata madhara makali. Tena melanoma ya unyayo au chini ya ukucha, ambayo ndiyo inayowapata zaidi watu weusi, huitikia dawa hizi kwa uhaba kuliko ile ya ngozi iliyochomwa na jua. Msibebe takwimu hizo mzima mzima hadi kitandani kwa mama yenu. Picha ya kwanza ya CT huja karibu wiki ya kumi na mbili. Mara chache uvimbe huonekana umekua kabla ya kunywea, kwa hiyo daktari anaweza kutaka picha nyingine kabla ya kuamua.

Madhara yanaweza kutokea miezi mingi baada ya dozi ya mwisho. Kadi yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na namba ya simu ya kitengo cha saratani ikae kwenye pochi ya mama pamoja na kitambulisho, na nakala moja kwa jirani mwenye gari. Zahanati ikiuliza anatumia dawa gani, jibu lianze na hiyo, kabla ya vidonge vya presha.