Ukurasa wenye jina la mnunuzi: nilivyouza riwaya yangu kwa simu

Nilimaliza kuandika riwaya yangu ya kwanza nikiwa na shilingi 60,000 za kuitangaza. Wachapaji niliowaendea Morogoro na Dar es Salaam walitaka nitangulize fedha za nakala mia tano, na mshahara wa ualimu haukufika huko. Nikaamua itoke kama nakala tete, watu waisome kwenye simu. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, niliiomba Bodi ya Huduma za Maktaba, jalada nikalitengeneza kwa programu ya Canva, na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili akanisaidia kuhariri. Kazi ikawa kumfikia msomaji.

Nusu ya fedha niliitia kwenye tangazo la kulipia. Picha ya jalada ikapata laiki kwa mamia, watu wakaandika hongera, na wanunuzi wakawa wawili. Tena ilikuwa Januari. Mimi mwalimu, ninayewaona wazazi wakihangaika na ada na sare kila Januari, ndiyo nimechagua mwezi huo kuwaambia watoe 5,000 wanunue hadithi! Sasa kitu chochote cha kuuza nakitoa kuanzia tarehe 24, mishahara ikishaingia.

Mmoja wa wale wawili alinifundisha jambo kubwa. Aliniandikia: "Mwalimu, hadithi tamu, ila macho yananiuma. Kila mstari mpaka nivute kwa vidole." Nilikuwa nimeihifadhi PDF katika ukubwa wa A4, kama mtihani wa kuchapa. Nikaipanga upya kwa ukurasa wa A6, ambao ni robo ya A4, herufi za ukubwa wa 12, ikawa inasomeka kwenye simu bila kukuza chochote. Picha ya jalada nayo ilikuwa nzito, faili zima MB 9. Mtu wa bando la siku hawezi kukubali hilo. Niliibana picha, faili likashuka chini ya MB moja. Kwa wenye programu za kusomea vitabu nikaandaa EPUB pia, faili ambalo maandishi yake hujipanga kufuata upana wa kioo, maana Google Docs inatoa EPUB bure, lakini nakiri tisa kati ya kumi huomba PDF.

Baada ya hapo nikaacha kutangaza jalada, nikaanza kugawa hadithi yenyewe. Msomaji wetu amekua na "itaendelea", kwanza kwenye magazeti, sasa kwenye magrupu ya Facebook na WhatsApp. Kwa hiyo sura tatu za mwanzo nilizitoa bure, moja kila Alhamisi saa tatu usiku, watu wakiwa wameshakula na watoto wamelala. Ya tatu niliikata pale mke anapofungua begi la mumewe na kukuta funguo za nyumba asiyoijua. Usiku ule simu haikutulia.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo waandishi wengi wanalikosa. Orodha ya brodikasti ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kila mtu kivyake, inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Mwanzoni nilikuwa natuma kwa watu mia mbili wanapata thelathini, nami nadhani wamenipuuza. Nikaanza kuandika chini ya sura ya kwanza: "Sevu namba hii, kisha niandikie neno SURA nikutumie ya pili." Anayeandika mara nyingi ameshanihifadhi, na mazungumzo yameshaanza. Kwenye WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, nawawekea lebo: ameomba sura, anasubiri kulipa, amelipa. Bila lebo hizo ningewachanganya watu na kuwaudhi.

Kwenye malipo natumia Lipa Namba. Mwanzo wateja kadhaa waliishia njiani, hadi mmoja aliponiuliza kwa nini jina linalotokea si la mwandishi. Natumia jina la kalamu! Aliogopa kutapeliwa, na alikuwa na haki kabisa. Sasa jina litakalotokea nalitaja mapema, kabla hajaweka namba ya siri. Nami sitoi kitabu kwa kutazama meseji ya muamala niliyotumiwa, maana feki zipo. Naangalia salio.

Mwezi wa tatu nilikuta riwaya yangu nzima imerushwa bure kwenye grupu moja. Nililia. Miaka minne ya kuandika usiku, halafu mtu anaandika "pokeeni zawadi". Nilipotulia, nikaanza kuweka jina la kila mnunuzi kwenye ukurasa wa pili: "Nakala hii ni ya Mama fulani, wa mahali fulani. Asante kwa kunilipia kazi yangu." Nabadili jina kwenye faili, natoa PDF upya, natuma. Ni dakika mbili.

Nilikusudia kuwatia aibu wanaorusha. Kumbe watu waliupenda ukurasa ule. Wakaupiga skrinshoti, wakauweka kwenye status: "Jamani, nina kitabu chenye jina langu." Marafiki zao wakauliza kinapatikana wapi. Wiki ya kwanza nilipata wanunuzi 31 bila kulipia tangazo, na nilipowauliza walinijua vipi, wengi walitaja status ya mtu. Naamini kabisa kwamba hakuna bango ningeweza kununua likafanya kazi ile, kwa sababu anayetazama status ya dada yake anamwamini dada yake.

Kutoka hapo zikaja zawadi. Msomaji aliyeko Maskati alitaka kulipia nakala moja, akaona makato ya kutuma fedha yanakaribia bei ya kitabu. Akalipia nakala kumi, akanipa majina na namba za ndugu zake Unguja. Kila mmoja alipata nakala yenye jina lake na la aliyemzawadia. Tangu siku hiyo kila tangazo langu lina mstari wa kumnunulia mtu mwingine, na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, anayenunua mbili anapata ya tatu ya kumpa amtakaye.

Zile 30,000 zilizobaki sikuzirudisha kwenye tangazo. Zilinunua bando la miezi kadhaa, maana kumjibu kila mtu kunakula intaneti, na jioni nyingi nimekaa na simu mpaka saa tano.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kilosa alinunua nakala ya mama yake. Mama ana kitochi, hawezi kufungua PDF. Kijana aliniomba ruhusa aipeleke steshenari waichape, nikamruhusu, nikamtumia ile ya A4. Jumapili akanitumia picha: mama amekaa kwenye mkeka, miwani puani, karatasi zimefungwa kwa spairo, na amefungua ukurasa wa pili kauelekeza kwenye kamera.